Kumwamsha Charlotte

Harclough, Lancashire
9 Machi 1986

Mwanangu Keith,

Skafu ya Krismasi naivaa hata ndani ya nyumba, maana baridi ya mwaka huu haina adabu. Mimi sijambo. Nimejiunga na kikundi cha kushona cha kanisani. Tunakutana kila Jumamosi, ndiyo sababu ukipiga simu siku hiyo hunipati. Usihangaike. Ni wanawake wachache, chai nyingi na maneno mengi zaidi.

Nina swali. Mmoja wao ana mashine ya zamani ya kukamulia nguo. Boliti zake zimeshikwa na kutu hadi spana inateleza. Wewe fundi, boliti kama hizo unazifunguaje bila kuzikata? Nijibu mapema. Ameshaanza kutukana, na tuko kanisani.

Huko Aberdeen unakula? Usiniambie samaki na chipsi kila siku.

Mama yako,
Nora

*

Aberdeen
23 Machi 1986

Mama,

Nakula. Wakati mwingine hata viazi vya kuchemsha.

Kazi ipo tele, tunakwenda baharini kwenye mitambo ya mafuta na kurudi, huwezi kujua Jumanne ni ipi. Kampuni imetuhamishia nyumba nyingine, kwa hiyo niandikie kwa anwani hii mpya. Ile ya zamani iache.

Huyo mwanamke mwambie asitumie nguvu. Azimwagie boliti mafuta ya taa, aziache zilale, arudie kesho na keshokutwa. Kisha azigonge kichwani kwa nyundo ndogo, kwa kubembeleza, asigonge kwa hasira. Na kabla ya kufungua ajaribu kwanza kukaza kidogo tu. Kutu inavunjika kwa kuyumbishwa huku na huku. Akikosa subira atakata boliti, halafu atanitukana mimi.

Msalimie mama mdogo Hilda ukimpigia simu Morecambe.

Keith

*

Harclough
20 Aprili 1986

Keith mwanangu,

Boliti zimetoka. Zote. Yule mwanamke anakushukuru, na amesema kama hujaoa ana mpwa wake.

Sasa anauliza jambo jingine. Tuseme kuna chuma kinene kama kiuno cha mtu, kimeingia ndani ya chuma kingine, na vimegandana kwa miaka minane. Afanyeje? Mafuta ya taa yanatosha, au aongeze kitu?

Bwana Tattersall naye amejiunga na kikundi, yule Cyril aliyekuwa akituletea maziwa. Tangu mkewe afariki alikuwa anazungumza na paka tu. Kwa mwanaume anashona vizuri.

Nimekupikia keki ya tangawizi, inakuja kwa posta. Kama itafika imevunjika, uile kwa kijiko.

Mama

*

Aberdeen
11 Mei 1986

Mama,

Keki ilifika nzima. Ahsante.

Hakuna mashine ya kukamulia nguo duniani yenye chuma kinene kama kiuno cha mtu.

Mama mdogo Hilda ameniandikia. Anasema alikuja kukutembelea Jumamosi bila kukuarifu na hakukukuta. Alikwenda kanisani, mchungaji akamwambia kikundi cha kushona kilikufa mwaka juzi. Akarudi kukungoja mlangoni, na ulipofika ulishuka kwenye lori la Cyril Tattersall, nywele zimejaa vumbi na mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Anasema ulikuwa unacheka.

Mama, wewe ni mtu mzima. Baba amefariki miaka ishirini na mitano sasa. Kama Bwana Tattersall anataka kukuoa, mimi sina neno. Alikuwa muuza maziwa mwaminifu. Ila nieleze mimi mwenyewe, nisiwe nasikia kwa watu. Na unieleze mnafanya nini huko hadi mnarudi mmechafuka hivyo, maana Hilda ana mawazo yake na sitaki kuyaandika hapa.

Keith

*

Harclough
18 Mei 1986

Keith,

Nimecheka hadi nikakaa chini. Cyril nilimsomea barua yako akawa mwekundu kama nyanya. Anasema anakuheshimu sana ila hana mpango huo, na paka wake hatakubali.

Naona mwisho wa uongo umefika, na mimi si hodari wa kuutunza.

Tuko kiwandani kwa Ainsley. Ndani ya nyumba ya injini. Ni Charlotte tunayemtengeneza, injini yenyewe ya mvuke.

Baraza la mji lilitaka kubomoa kiwanda kizima, mabanda ya kufumia, bomba la moshi, kila kitu, wapate mahali pa kuegesha magari. Wametupa hadi Pasaka ya mwakani. Charlotte akizunguka kwa mvuke wake mbele ya macho yao, wataiacha nyumba yake. Asipozunguka, watamkata. Tuko watu saba, na mwenye umri mdogo ana miaka hamsini na minane. Boliti zile zilikuwa za kifuniko cha silinda. Kilichogandana ni pistoni.

Nilijua ukisikia jina hilo hutapenda. Ndiyo maana nikasema kushona.

Mama

*

Aberdeen
2 Juni 1986

Mama,

Ile injini ilimchukua baba, kamba zake zilimvuta hadi kwenye gurudumu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nakumbuka ulivyokaa jikoni bila kuvua koti hadi asubuhi. Nakumbuka ulivyokuwa unazunguka mji mzima kwenda sokoni ili usipite mbele ya lango la Ainsley.

Na sasa unaipaka grisi.

Waache waikate. Kama wanataka msaada wa kuikata, nitakuja na mtungi wangu wa gesi ya kukatia chuma.

Keith

*

Harclough
22 Juni 1986

Keith mwanangu,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Naomba uisome yote kabla hujaitupa.

Mwezi wa Januari nilisikia wanunuzi wa vyuma chakavu wanakuja kumkata Charlotte. Nilivaa koti langu la kanisani na kofia, nikaenda. Nilikwenda kumtazama akifa. Nilitaka kuona kwa macho yangu, halafu nirudi nyumbani ninywe chai. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, na sikuona haya.

Sikuwahi kuingia mle tangu ile siku. Mlango ulikuwa wazi, wanaume wawili wanavuta mipira ya gesi. Yeye amekaa tu mle gizani, kutu tupu, gurudumu lake kubwa limepanda hadi karibu na dari. Njiwa wamemnyea kila mahali. Nikamwonea huruma, jambo ambalo sikulitegemea, nikajikasirikia.

Halafu nikaona sakafu. Mbele ya gurudumu dogo la kufungulia mvuke, jiwe limebonyea, mahali pawili, kama mabakuli mawili yasiyo na kina. Ni miguu ya baba yako, Keith. Alisimama pale kila asubuhi miaka kumi na minne, na kabla yake walisimama wengine. Na mpini wa valvu umezungushiwa ngozi. Ile ngozi ni mkanda wake, ule aliosema umepotea, mimi nikamgombeza wiki nzima.

Kaburini pake kuna jina na tarehe. Nimelisafisha miaka yote hii na halijawahi kuniambia lolote. Mle ndani kila kitu kilikuwa na mkono wake.

Nikasimama pale kwenye jiwe. Kijana mmoja akaniambia, "Mama, sogea, tunaanzia upande huo."

Nikamwambia sisogei.

Akasema, "Tuna karatasi ya ruhusa."

Nikasema, "Na mimi nina miguu."

Cyril alikuwa nje, amekuja kushangaa kama wengine. Aliposikia nabishana akaingia, akakaa chini karibu yangu kwenye tangi la oili, akafungua chupa yake ya chai. Tulikaa hadi wale vijana wakachoka wakaenda kumpigia simu mkubwa wao. Mambo ya baraza yakaanzia hapo.

Usidhani nimemsamehe. Kuna siku nampaka grisi huku namtukana, Cyril anatoka nje kunipisha. Lakini najua sasa kwamba wakimkata, ile siku ya baba yako ndiyo itabaki peke yake. Siku nyingine zote alizokuwa mle mzima, anapiga mluzi, zitakwenda na vyuma chakavu. Sitaki hivyo.

Sikuombi uje. Nakuomba tu usiniandikie tena habari za mtungi wa gesi.

Mama

*

Aberdeen
17 Agosti 1986

Mama,

Samahani kwa kukawia. Kazi.

Hali ya hewa hapa ni nzuri. Nimepunguza chipsi.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma. Nimeisoma tena.

Keith

Nyongeza: Pistoni ile msiivute kwa winchi. Najua ndivyo mnavyotaka kufanya, kila mtu hutaka. Ondoeni vifuniko vya silinda pande zote mbili, changanyeni dizeli na mafuta ya taa, jazeni, muache hata mwezi. Kisha wekeni ubao mnene wa mti mgumu, mgonge upande huu, mgonge upande ule. Ikisogea hata upana wa ukucha, jueni imekubali. Na msisogeze gurudumu lile kubwa kabla hamjaziba kwa mbao njia ya kamba, pale kamba zinapotoka kwenye gurudumu kwenda mabandani. Mtu yeyote asipite pale. Hata kama injini imelala.

*

Harclough
28 Septemba 1986

Ndugu Keith,

Huenda utashangaa kupata barua ya muuza maziwa. Mama yako hajui ninaandika, na akijua atanipiga na spana, maana siku hizi anayo yake.

Pistoni imekubali. Tulifanya ulivyosema. Iliposogea, mama yako alikaa chini sakafuni akasema, "Mwanangu huyo."

Lakini tumekwama. Mgongo wangu umegoma, siinui hata ndoo. Mkaguzi amelikataa boila la zamani, amesema likiwashwa litatupeleka sote mbinguni kwa pamoja. Tumepata boila dogo kwenye kiwanda cha kufulia nguo kilichofungwa Burnley, ila hakuna mmoja wetu anayejua kuliunganisha. Tunahitaji fundi wa kweli. Hawa wazee wenzangu wana moyo, ila jana wameweka beringi kinyume wakapeana mikono.

Sasa la pili. Siku yako ya kuzaliwa mama yako alipiga simu ofisini kwenu ili wakupe salamu. Wakamwambia umeachishwa kazi tangu Februari, pamoja na mamia wengine, kwa sababu ya bei ya mafuta. Hajasema kwako. Kwangu alisema mara moja tu: "Ataniambia akiwa tayari." Kila Jumapili anakaa na karatasi anakuandikia kama vile hajui kitu.

Mimi nasema kwa sababu mimi si mama yako. Huna kazi na sisi tuna kazi bila mshahara. Naona tunafaana.

Wako,
Cyril Tattersall

*

Aberdeen
6 Oktoba 1986

Mama,

Kampuni imenipa likizo. Ndefu kidogo. Nafika Ijumaa na treni ya saa kumi jioni. Usije stesheni, nina mzigo wa vifaa, nitachukua teksi.

Sijasema nitaigusa. Nitatazama tu hayo mabomba.

Keith

*

Morecambe
1 Aprili 1987

Mwanangu Keith,

Nimefika salama. Mguu wa Hilda ni mbaya kweli. Hawezi hata kufika dukani, na hana mwingine wa kumtazama. Nafikiri nitakaa hadi baada ya Pasaka.

Najua siku ya kuwasha ni tarehe kumi na moja. Inaniuma, lakini mgonjwa ni mgonjwa. Mnaweza bila mimi. Majira haya yote ya baridi nimewaona, wewe uko chini ya Charlotte miguu tu inatokeza, Cyril anakushikia taa na kukusimulia nani katika mji huu hakuwa analipa maziwa. Hamna mnachokihitaji kwangu zaidi ya pai.

Pai mbili nimeziacha kwa jirani. Mkumbushe Cyril kunywa dawa ya mgongo. Na wewe vaa shati jeupe, wakubwa wa baraza watakuwepo.

Mama

*

Harclough
12 Aprili 1987

Mama,

Mama mdogo Hilda alipiga simu jana asubuhi kututakia heri. Nikamuuliza mguu. Akauliza, "Mguu upi?" Akaniambia Alhamisi mlikwenda kwenye dansi la wazee na amecheza hadi wanamuziki wakafunga vyombo.

Sikukasirika. Nimeelewa. Ulifanya kazi mwaka mzima ili azunguke, halafu ukashindwa kusimama mbele yake akizunguka. Ningekuwa mimi ningekimbilia mbali kuliko Morecambe.

Kwa hiyo nakusimulia.

Tulianza kumpasha joto asubuhi na mapema, mvuke kidogo kidogo, vyuma vinalia kama mtu anayejinyoosha kitandani. Cyril alikaa kwenye boila na kofia yake ya zamani ya maziwa. Watu walijaa hadi nje. Mwenyekiti wa baraza alisimama karibu mno na bomba la kutolea maji. Nilimwambia asogee, akasema yuko sawa. Nilipofungua, maji ya kutu yalimwogesha kuanzia magotini kwenda chini. Hakuna aliyecheka isipokuwa watu wote.

Halafu nikasimama pale kwenye jiwe. Sikutaka kusimama pale, lakini hakuna mahali pengine pa kusimama, Mama. Ndipo valvu ilipo. Nikafungua. Akasogea kidogo, akasita, akarudi nyuma. Nikasikia mtu anasema, "Basi tena." Nikafunga, nikangoja maji yatoke, nikafungua tena polepole zaidi. Gurudumu likapanda. Likafika juu, likasimama pale kama linafikiria. Halafu likashuka upande wa pili, na likaendelea.

Hana kelele. Nilikuwa nimesahau. Miaka yote nilikuwa namkumbuka kama kitu kinachonguruma, kumbe anapumua tu.

Wale wafumaji wa zamani walisimama pamoja ukutani, Bibi Ormerod na wenzake. Alipochukua mwendo, wakaanza kusemezana kwa midomo bila sauti, kama mlivyokuwa mkifanya kwenye kelele za mabanda. Wala hawakujua kuwa wanafanya. Walikuwa wanasengenyana wazi wazi mbele ya mwenyekiti na yeye haelewi hata neno.

Cyril akaja na chai. Akasema, "Ungekuwa na akili ungekunywa hii kabla haijapoa." Mkono wangu ulikuwa bado kwenye valvu, akanishikia kikombe yeye.

Ule uzio wa chuma niliojenga kwenye njia ya kamba, kabla sijagusa kitu kingine chochote, umesimama imara. Mtoto hawezi kuingiza hata kidole. Nilikaa nautazama muda mrefu kuliko nilivyoitazama injini.

Baraza wamekubali. Si yote uliyotaka. Mabanda yatabomolewa na magari yataegeshwa hapo. Ila nyumba ya Charlotte na bomba la moshi vinabaki, na tutamwasha kila Jumamosi hadi vuli. Na kuna mtu alitoka Halifax akaniuliza kama naweza kwenda kutazama injini yao, imelala tangu vita. Hii ina malipo. Nimemwambia naanza mwezi ujao.

Kwa hiyo likizo yangu imekwisha. Ilikuwa ndefu kuliko ya mfalme. Najua ulijua tangu mwanzo, na majira yote ya baridi ukanipikia bila kuniuliza hata mara moja lini narudi kazini. Ahsante, Mama.

Jumamosi ijayo tunamwasha tena. Sikulazimishi.

Keith

*

Morecambe
14 Aprili 1987

Mwanangu,

Hilda hajui kutunza siri, hajawahi kujua tangu utotoni.

Ni kweli, niliogopa. Nilijiambia nitasimama mlangoni, halafu nikaona sitaweza hata mlangoni. Tarehe kumi na moja nilitembea peke yangu ufukweni, maji yamekupwa mbali, nikawa natazama saa. Nilipofikiri sasa ndiyo wanawasha, nikaketi kwenye benchi. Mzee mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, namsubiri mtu.

Nakuja Jumamosi na treni ya asubuhi. Usije kunipokea, na Cyril asije na lori. Nitatembea kutoka stesheni, na safari hii nitapita njia fupi.

Mwasheni mapema. Nataka awe anatembea tayari nikifika langoni, nimsikie kabla sijamwona. Nikikawia pale nje, msinifuate na msinitumie mtu. Nitaingia mwenyewe.

Mama yako,
Nora